Dawa ya Deni

Fomu ya ruhusa ina visanduku vitatu:
ugonjwa, uzazi, msiba.
Chini yake, mstari wa nukta:
Uhusiano na mgonjwa.

Nimesimama mbele ya meza ya Bwana Ofwono,
vumbi la saruji bado kwenye kope,
kalamu ya kuazima mkononi.
Nje malori ya kwenda Malaba yanapiga honi,
yanataka kupimwa, yanataka kuondoka,
nami ndiye msoma mizani.
Miaka tisa nasoma tani na kilo bila kukosea,
ila leo asubuhi nimeandika mara mbili
gari moja.

"Nani anaumwa?"
"Deni."
"Deni gani?"
Akadhani naomba mkopo.
Akafungua droo, akaifunga.

Deni ni mbwa, Bwana.
Nilimdai Emojong elfu arobaini za mahindi
mwaka ule mvua ilipogoma;
akaja jioni na kikapu, ndani kinalia.
"Shika hiki hadi mavuno," alisema.
Mavuno yakaja, Emojong akahamia Soroti,
kikapu kikaoza, na kilichokuwa ndani
kikaota meno, kikala ndala zangu tatu,
zote za kushoto.

Mume wangu alipokwenda Juba kutafuta,
naye akawa wa kutafutwa,
ni Deni aliyelala upande wa mlango.

Hayo sikuyasema. Nilisema:
"Ana homa ya kupe. Hataki kula.
Anakojoa rangi ya chai kavu."
Ofwono akacheka kidogo, kisha akaacha.
"Siku tatu. Bila malipo.
Na uandike kitu kinachoeleweka."

Jumanne akaja Daktari Nyafwono na pikipiki yake,
akavuta ufizi wa mgonjwa: mweupe, chokaa tupu.
Sindano moja, mshahara wa siku nne.
Nikahesabu, nikahesabu tena,
kana kwamba noti huzaana zikihesabiwa.

Mama Akongo, juu ya ua:
"Mbwa? Na watoto wa watu wanakufa malaria?"
Kweli. Sina jibu.
Nikaendelea kukoroga chumvi na sukari
katika maji yaliyochemka,
nikayavuta kwa bomba lisilo na sindano,
nikayapenyeza pembeni mwa shavu,
polepole, asipaliwe.
Usiku akarudi huyo huyo Mama Akongo,
sufuria ya supu ya mifupa chini ya kanga.
"Ilibaki tu," alisema.
Ilikuwa bado inatokota.

Jumatano siikumbuki. Taulo, ndoo, taulo.
Mkono mbavuni mwake usiku kucha
ukihesabu, maana ndiyo kazi ninayoijua:
pumzi, pumzi, kimya,
pumzi.
Nilimbeba nje apigwe na upepo.
Mikono hii haihitaji mizani:
kilo kumi na moja. Alikuwa kumi na saba.
Sita zimepita geti gani,
nani amezitilia saini?

Alhamisi, mwamba wa Tororo
ungali umejifunika ukungu hadi shingoni,
kitu kikagusa kisigino changu.
Pua. Kavu, lakini pua.
Akasimama kwa miguu minne,
kila mmoja na maoni yake,
akajikokota hadi mgombani,
akainua mguu, akaanguka, akauinua tena.
Nikachutama kutazama kama anayesoma barua:
njano. Njano tu, ya mbwa yeyote.
Sijawahi kushangilia mkojo maishani.

Haijaisha, kasema Nyafwono:
sindano mbili zimebaki,
kuna figo za kuangaliwa, na mwezi bado mchanga.
Wahenga walisema dawa ya deni kulipa;
hawakusema kama hupokewa kwa awamu.

Fomu naipeleka kesho. Ina doa la supu.
Kisanduku cha ugonjwa nimekitia tiki,
na pale kwenye nukta, uhusiano na mgonjwa,
baada ya kufuta mara mbili
nimeandika: mdaiwa.