Kifuniko cha Saba

Kimepasuka nyuma, penye gego la kushoto,
ufa mwembamba kama unywele wa mtoto.
Nimekimulika kwa taa ya simu, hapa darini Langoni:
kiangavu, chepesi, kama gamba la kamba aliyejivua,
na mwanga unakatika mahali pamoja.
Siku tisa tu.
Kilitakiwa kiishi kumi na nne.

Daktari Umazi wa Malindi alinionya.
Plastiki huchoka, Mwanaesha, alisema,
kama mpira wa suruali ya shule.
Siku ya kwanza inasukuma jino kwa hasira,
siku ya tano inasukuma kwa adabu,
siku ya kumi na nne imekaa tu, mgeni aliyeshiba.
Akanipa vifuniko ishirini na viwili, kila kimoja na mfuko wake na namba yake.
Akanibandika vipele sita vya resini,
rangi ya jino lenyewe, kifuniko kipate pa kushika,
akavipiga taa ya buluu mpaka vikawa mawe.

Saa ishirini na mbili kwa siku.
Usile nacho. Usinywe nacho cha moto.
Usikioshe kwa maji ya birika.

Nami nimezaliwa mji wa kahawa chungu!

Cha pili nilikitia kwenye maji niliyodhani yamepoa,
kikatoka kimejikunja kama sikio la paka.
Cha nne kiligeuka manjano kwa bizari. Nilikuwa na njaa, basi.
Cha tano nilikifunga kwenye tishu kando ya sahani,
mtoto wa dada akakizoa pamoja na miiba ya samaki;
tulipofika jaani, punda alikuwa ameshakinusa
na hakukitaka.

Mwezi wa Ramadhani ndio uliokuwa wa raha:
toka daku hadi adhana ya magharibi
mdomo umefungwa, kifuniko hakina kisingizio.
Halafu ikaja Idi, na arusi, na halua,
na kipele cha chonge kikang'oka.
Sikukitema. Nilijua baadaye,
ulimi ulipopita pale ukateleza.

Mume wangu Shekuwe, fundi wa chokaa, hana huruma.
Akatunga palepale, kikombe mkononi:

*Mke wangu kala tamu, halua ya arusini,
kipele kikasalimu, kikashukia tumboni,
hiyo gundi si ya Amu, imetoka ugenini,
ndoo nikupake mimi, chokaa ya Matondoni!*

Watu wakateka. Nami nikateka, mkono mdomoni.

Usiku ule akiosha vidole hakuwa amemaliza.
Ukuta wa babu yangu, akasema,
mvua ngapi, chumvi ngapi, na haujapinda.
Ndiyo, nikamjibu. Wala haujasogeza kitu.

Alinyamaza. Aghalabu hanyamazi.

Leo nimempigia daktari: cha saba kimekufa, nifanyeje?
Akaniuliza kama uzi unapita kati ya meno mawili ya mbele.
Nikajaribu. Ukapita.
Mwaka jana jino moja lilikuwa limemlalia mwenzake
kama abiria wa usiku.
Basi kimeshafanya kazi yake, akasema. Vaa cha nane.

Cha nane kinabana hadi masikioni.
Sijalala vizuri, na uji tu ndio unaopita.

Shekuwe amekiokota cha saba kutoka kwenye kopo la biskuti.
Amekijaza chokaa laini, ile anayoichuja kwa kitambaa,
akaziba ufa kwa kidole, akakiweka dirishani.
Siku ya nne akakibandua polepole, kama ganda la yai.

Sasa yapo kidakani, karibu na chupa ya marashi:
meno kumi na manne, meupe, magumu,
meno ambayo sina tena.
Hata kile kipele nilichokimeza
kipo.