Bafu la Nyasi Kavu

Binti yangu Irmgard amenilipia siku saba,
kila kitu ndani: kitanda, chakula, mvuke, hata ukimya.
Mapokezi wamenivika utepe mkononi,
wa kijani, haukatiki, kama ule wa hospitali
tulipomngoja Rochus akate roho.
"Onyesha huu tu, mama, usihangaike na pochi."
Pochi nimekuja nayo hata hivyo.
Mezani naikalia, kama kuku anayeatamia.

Asubuhi tunavaa majoho meupe, mazito,
tunaburuta ndala kwenye sakafu ya mawe,
mawakili wa Milano, madaktari wa Munich,
sote sare moja, watawa walioshiba.

Jibini ziko aina kumi na nne.
Nimezihesabu. Aliyelelewa kwa kuhesabu haachi.
Nikafunga mikate miwili kwenye leso,
nikaitia mfukoni mwa joho,
wala hakuna aliyeniona
ila yule mimi wa miaka minane.

Leo saa nne, zamu yangu: bafu la nyasi kavu.
Zdenka, mhudumu, msichana wa Košice,
mwenye sauti ya kunong'ona na vidole vya baridi,
amenilaza uchi juu ya nyasi zilizoloweshwa maji moto,
akanifunika nyasi nyingine, akanikaza kwa shuka
kama mkate unaosubiri tanuri.
"Nyasi hizi," anasema, naye amekariri,
"zimekatwa mita elfu mbili juu,
kwenye malisho ya Steinmahd.
Zinavuta uchovu wote mwilini.
Dakika arobaini. Achilia kila kitu."

Steinmahd.
Kumbe.

Mteremko ule naujua kwa nyayo.
Tuliufyeka kwa miundu mirefu, kucha za chuma viatuni,
mimi nikifuata nyuma na reki iliyonizidi kimo.
Usiku tulilala humohumo ndani ya nyasi, bure,
na alfajiri uchovu, kweli, ulikuwa umetoka.
Hapo hawakusema uongo.

Lakini nyasi hazishuki zenyewe.
Zilingoja theluji. Januari wanaume walizifunga kwenye sleji
wakateremka nazo, wameegemea nyuma, visigino ndiyo breki.
Kaka yangu Vigil alikuwa na miaka kumi na tisa.
Mzigo ulimpita.
Alirudi nyumbani juu ya sleji ileile,
na jioni ile baba akawatilia ng'ombe nyasi zile,
maana ng'ombe walikuwa na njaa,
na hawakuwa wa kwetu.

Jasho linanitoka sasa, jingi.
Ukutani sauti ya kijito inatiririka, kijito hakuna.
Zdenka ananipangusa uso,
anaona macho, anadhani dawa imeingia:
"Vizuri, mama. Wengi hulia."
Silii. Bua la anika limenichoma begani.
Nafumba macho, navuta pumzi, nanusa
thaimu, klova, udongo wa mvua ya Julai,
halafu kitu kingine, kikavu, kichungu kidogo:
harufu ya majani yaliyokwisha kuzaa.
Nakaa nayo dakika zote zilizobaki.
Nimekwisha jua, ila nataka hakika.

Jioni mkate mmoja nimeula kitandani, gizani.
Wa pili ni wa kesho,
ingawa kesho nayo imelipiwa.

Juu ya mto wameacha chokoleti na fomu.
Je, umepata utulivu? Je, utawaambia marafiki?
Nyota tano za kupaka wino.
Nimezipaka zote, Irmgard asije akanuna.
Kisha chini, penye mistari ya maoni,
nikavaa miwani, nikaandika polepole
kwa mwandiko wa shule ya kijijini:
Nyasi zenu zimechelewa kukatwa.
Siku tisa, pengine kumi.
Mwaka ujao zikateni kabla hazijatoa mbegu,
na mtumeni mtu anayejua kunoa.