Vipande Tisa

Kibuye, saa tatu asubuhi, unga wa msumeno
umekwisha kuzipaka nyusi za kila mtu.
Nimekuja na karatasi ya daftari:
sita kwa moja, futi kumi, vipande ishirini na viwili.
Nimekuja na pesa pia, kiasi chake sikitaji.

Bi Khasandi ananipima mimi kwanza.
Viatu. Mkoba. Lafudhi.
"Ya ndani au ya nje?"
Ya nje, baraza ya mama, kule Maseno,
mvua inakorudi kila alasiri
kama mtu aliyesahau mwavuli wake.
Anaguna. "Basi msonobari usiuguse."

Ningemwambia najua.
Ule wa kwanza niliuchagua mwenyewe,
umechovywa dawa ya kijani, umeahidiwa miaka kumi.
Mchwa hawakusoma risiti.
Jumapili moja mguu wa mama ulizama hadi gotini,
na kitenge chake cha kanisani,
akacheka kabla hajalia,
kisha akakaa ndani miezi mitatu
akiitazama mvua kwa dirisha.

Wananiletea "mahogani".
Nyekundu, laini, inang'aa kuliko ninavyoweza kulipa.
Fundi Omuga, niliyemlipia nauli anitazamie,
hasemi neno. Analowesha kidole kwa mate,
anasugua ukingo, ananionyesha:
kidole chekundu, mbao nyeupe.
Mkaratusi, umevaa nguo ya kuazima.
Kijana wa duka anainua macho kwenye mabati
kama aliyesikia ndege.

Mvule uko nyuma kabisa, gizani.
Hauna urembo: manjano ya uji unaoanza kupoa.
"Utakolea," asema Omuga, "mwaka mmoja juani,
utakuwa kahawia kama turungi."
Anakandamiza ukucha; ubao haupokei alama.
Anainua ncha moja, anaiachia:
kishindo kifupi, cha mtu asiyerudia maneno.
"Huu mstari mweupe pembeni ukatwe.
Mchwa huanzia hapo, kwenye ulaini.
Kiini hawakiwezi."

"Umetoka wapi?"
"Kongo. Umevuka Busia. Karatasi ziko."
Na kweli ziko, mihuri mitatu,
mmoja umelowa ukawa ua la zambarau.
Nazisoma zote.
Muhuri hausemi lolote kuhusu kisiki.

Kwetu mpakani uko mvule.
Umesimama tangu babu hajapimiwa shamba,
popo wanaujua kuliko sisi.
Mama ameapa: shoka likiugusa,
nimtafutie mimi mama mwingine.
Kwa hiyo niko hapa, Kibuye,
nanunua mvule wa mpaka wa mtu mwingine.

Bi Khasandi anataja bei.
Naikunja karatasi yangu mara mbili, mara nne.
"Tisa," nasema.
Hacheki. Anachagua yeye mwenyewe zisizo na fundo,
na ya kumi, fupi, yenye ufa, anaitupia juu:
"Ya ngazi."

Njia nzima Omuga anahubiri:
skrubu, si misumari; toboa kwanza;
nguzo zikae juu ya jiwe, zisionje udongo;
kati ya ubao na ubao acha unene wa sarafu,
maji yapate pa kupitia.
Vipande tisa: upana wa kiti kimoja,
beseni la kunawia miguu,
na mgeni mmoja asiye mnene.

Tumezipanga chini ya mvule wetu
zizoee hewa ya hapa kabla ya kazi.
Mama ametoka na fimbo, polepole,
amepapasa ubao wa juu,
kisha gome la mti, kisha ubao tena.
Amehesabu.
"Ulisema ishirini na viwili.
Hizo kumi na tatu ziko wapi?"

"Zingali zimesimama, mama."

Amenitazama kama nilivyomtazama yule kijana wa duka.
Halafu ameuliza kama nimekula.