Kisanduku cha Saba

Fomu ya chuo cha biashara, Swansea.
Kisanduku cha saba: Shahada ya kwanza, chuo, mwaka.
Glenys Prothero aliweka kalamu chini mara tatu,
akachemsha maji, akasahau kuyamimina.

Miaka kumi na tisa anafua mashuka ya hospitali mbili.
Anaijua bei ya mvuke kwa saa,
anamjua dereva anayeiba dizeli na sababu yake,
na mwaka ule benki ilipogeuka mkono wa birika
aliuza gari, akalipa mishahara,
akawa anakuja kazini kwa miguu,
mvua ikimfua yeye.

Hayo yanaandikwa wapi?

Saa tano usiku akaandika: Bado.

Kwenye usaili, Dakta Haldane aliuliza kwa upole,
"Uchakavu wa mitambo uliusomea wapi?"
"Kwa mashine namba nne.
Ilikufa miaka miwili kabla ya daftari kuiruhusu."
Mmoja alicheka. Mwingine aliandika kitu, akakipigia mstari.

Barua imefika leo.
Ameiweka juu ya mashine inayotetemeka;
inasogea, kidogo kidogo, kuelekea ukingoni.
Kwanza amalize mashuka ya wodi ya watoto.