Chupa za Geti Dogo

Niliambiwa: maji yasiingie.
Mwaka jana mwamuzi alipasuliwa paji la uso
kwa chupa ya nusu lita iliyojaa,
kwa hiyo mwaka huu, Shija, simama geti dogo,
pokea chupa, weka kwenye turubai,
usibishane na mwanafunzi.
Sikubishana.
Nilihesabu, maana kuhesabu kunasahaulisha jua:
mia mbili na kumi na saba,
nyingine zina barafu bado, zinagongana kama meno.

Saa nane mchana, Nyegezi.
Mechi ingeweza kuanza saa kumi na nusu,
kivuli cha majabali kingekwisha kufika jukwaani,
lakini mgeni rasmi ana ndege ya jioni
na ndege haisubiri kivuli.
Yeye yuko chini ya hema jeupe:
feni mbili, kitambaa cha meza, maji yenye lebo.

Upande wa pili, zege tupu.
Wameliketia kwa madaftari, kwa kandambili,
kwa magoti ya wenzao.
"Tandaza unga hapa uepue chapati," alisema binti mmoja,
wakacheka,
na kicheko chenyewe kilitoka kikavu.

Na ziwa lile pale. Hilo ndilo lililonikera.
Pana, limejilaza kama mtu asiyedaiwa,
huku umati mzima unalitazama
kwa ndimi zilizogeuka soli ya kiatu.

Lugembe wa mwaka wa pili alikuwa sangara.
Chuo chao ni cha uvuvi, ndiyo nembo yao.
Mwili wa sponji ya godoro, magamba ya viroba vya sukari,
macho ya vifuniko vya ndoo,
mkia alioshonewa na shangazi yake kule Mkolani.
Alipita kwangu amekumbatia kichwa cha samaki,
chupa mbili kazificha mkiani.
Nilizikuta. Nikazitoa.
"Afande," akacheka, "samaki naye unamnyang'anya maji?"
Nikamjibu, sheria ni sheria.
Sentensi fupi. Bado ninayo mdomoni.

Dakika ya thelathini na moja
sangara akaacha kucheza.
Akalala ubavu pale kwenye ngazi, akatapatapa,
wakadhani ni mbwembwe zake,
vuvuzela zikalia, jukwaa likaitikia:
Avuliwe! Avuliwe!
Kisha akaacha kutapatapa.

Nyanjige, anayesomea uuguzi Bugando,
alishuka ngazi tatu tatu
akipiga kelele neno lile lile, "Avuliwe!"
na safari hii halikuwa utani.
Walipong'oa kile kichwa
uso wa kijana ulikuwa mkavu.
Mkavu, ndugu zangu. Saa nane mchana, ndani ya godoro,
hana hata tone la jasho,
anaita majina ya watu wasiokuwapo.

"Maji!"
Jukwaa zima likageuka
likanitazama mimi.

Nililiburuta lile turubai peke yangu.
Barafu ilikwisha zamani; maji yamekuwa vuguvugu
kama chai iliyosahauliwa.
Tukammwagia shingoni, kwapani, mapajani,
sponji ikanywa kwanza, yeye baadaye.
Nyanjige akampepea kwa ubao wa matokeo.
Chupa zilizobaki zikapanda juu mkono kwa mkono,
kila mtu anapiga mafunda mawili anapitisha,
mashabiki wao na wa wapinzani,
na mwamuzi amesimama palepale, hatua kumi.
Haikurushwa hata moja.

Mechi iliisha sare. Ndege iliondoka kwa wakati.
Lugembe yupo, anatembea taratibu,
akikaa juani kidogo kichwa kinamuuma,
na ule mkia shangazi kaugeuza mito ya viti.

Barua imekuja jana.
Jumamosi, saa nane, maji yasiingie.
Nimeikunja mara nne
nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba.
Imeenea vizuri.
Jumamosi nitawahi kufungua.
Nitahesabu tena,
zikiingia.