Daraja la Pili

Kikombe nilichopewa Newala kilikuwa kidogo,
kifuniko cha njano,
jina langu juu yake kwa wino mzito:
Mfaume Dadi Nampoto.
Bwana maabara hakunitazama usoni.
"Choo kile cha mwisho. Ulete kabla hakijapoa."
Mimi niliyebeba magunia ya korosho
toka Mnyambe hadi ghala la chama,
kikombe kile kilinishinda uzito.

Miaka sita aliyepimwa ni Somoe.
Somoe kanywa mizizi ya Mkunya
na mizizi ya ng'ambo ya Ruvuma.
Somoe kafungwa hirizi kiunoni,
kafunguliwa, kafungwa nyingine.
Mama yangu alimwita shamba la kichanga
nami nipo barazani, bakuli la uraka mkononi.
Nilikohoa.
Hilo ndilo neno nililomtetea nalo.

Mjomba wake alikuja mara mbili kutaka kikao.
Mara ya kwanza nilikuwa nimelewa.
Mara ya pili pia.

Daktari, binti wa umri wa mpwa wangu,
akauliza: "Unakunywa?"
"Kidogo. Msimu tu."
"Msimu unaanza lini?"
Nikacheka. Hakucheka.
Basi nikahesabu kwa vidole:
Septemba mabibo ya kwanza, uraka mtamu wa kukaribisha wageni;
Oktoba umechacha, unauma ulimi;
Novemba pipa liko motoni, nipa inatoka tone tone;
Desemba fedha za mnada, bia za baridi;
Januari tunakunywa kwa deni;
na ile ya Machi, inayonyweka
kwa sababu tu mvua inanyesha.
Vidole vikaisha
kabla sijaukuta mwezi mkavu.

Akanisomea karatasi.
Ziko chache, akasema,
na nyingi katika hizo chache haziendi,
zinazunguka palepale
kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Lugha hiyo naijua.
Ndivyo karani wa chama anavyousoma mzigo:
anapasua punje, anatazama kiini,
zilizosinyaa huku, zenye doa huku,
kisha anaandika bila huruma, daraja la pili,
nawe mwenye mzigo unatazama viatu vyako.

"Ni pombe?"
"Siwezi kuapa kuwa ni pombe peke yake.
Ila anza na hiyo. Mwili hutengeneza upya.
Miezi mitatu, kisha urudi."

Miezi mitatu. Karibu sawa na ua
mpaka korosho kudondoka.
Na mimi kila Juni nakopa salfa,
naamka saa kumi alfajiri, mashine mgongoni,
napuliza, ubwiriunga usile hata ua moja.
Shingo imenikakamaa kwa kutazama matawi.
Chini ya mkanda wangu sikutazama.

Mkorosho nao una utani wake:
mbegu huning'inia nje, chini ya bibo,
kikonyo kimoja, majirani wasioachana.
Mbegu niliuza.
Bibo nikalinywa.

Jioni nilimsomea Somoe karatasi ile.
Nilisoma tarehe, nikasoma jina la hospitali,
nikasoma hata namba ya risiti.
Kisha sikuwa na kingine cha kusoma.
"Ni mimi," nikasema.
Hakulia, hakupiga kigelegele.
Aliingiza mkono chini ya khanga, akakata uzi,
akaiweka hirizi mezani mbele yangu
kama mtu anayerudisha chenji.
Akachukua ndoo, akaenda zake kwenye foleni ya maji.

Nyuma ya nyumba, pipa la Nandonde linachemka.
Harufu ya mabibo inaingia bila hodi.
Kikombe cha pili ninacho,
nimekificha ndani ya kopo la misumari.
Nyuma ya mlango nachora siku kwa mkaa,
mstari kwa kila jua lililotua nikiwa mkavu.
Huu wa leo ni wa kumi na tisa.
Mkono ulitetemeka.
Haujanyooka.