Kwa Atakayerithi Chumba Namba Saba

Funguo ni mbili. Ule mdogo ni wa sanduku la barua,
nao ni mkaidi: uinue kidogo, ndipo uuzungushe.
Usilidharau sanduku hilo. Sapporo
bado inasema na watu kwa karatasi,
na barua usiyoifungua haiachi kukudai.
Mimi nilirundika kumi na moja chini ya godoro,
nikalalia madeni kama kuku aatamiaye.

Begi liache hapo mlangoni, nenda kwanza ofisi ya kata.
Siku kumi na nne za kuandikisha anwani, hawaongezi.
Watalivunja jina lako mpaka lienee kwenye visanduku vyao.
Langu ni Tsisana. Kwetu Kutaisi lina rangi ya mbingu;
pale dirishani likatoka likifanana na neno lao
la kitu kidogo. Sikubisha. Nilikuwa na njaa,
na kweli, siku ile, nilikuwa mdogo.

Benki itataka namba ya simu.
Duka la simu litataka akaunti ya benki.
Nenda rudi, rudi nenda, mvua ya Oktoba ikiingia viatuni,
mpaka Bi Hatakeyama mwenye nyumba akaandika namba yake
bila kuniuliza lolote, kalamu ikikwaruza.
Mpelekee kitu. Si maua. Anapenda malimau.

Kazi: saa ishirini na nane kwa wiki, tena kwa kibali.
Usiongeze hata moja. Davron wa Samarkandi aliongeza,
kwa ajili ya ada ya dada yake,
na koti lake bado limo kabatini.
Livae. Mfukoni mna tiketi za basi; ziache.

Sasa taka. Hapa ndipo watu hujulikana.
Wiki ya kwanza nilikuta mfuko wangu umerudishwa mlangoni
na kikaratasi chenye mwandiko mzuri mno.
Nikakibandika juu ya meza. Nilidhani ninakaribishwa.
Miezi miwili nikakitazama nikila, kikinifariji,
hadi Chinami wa maabara alipokisoma, akacheka hata akakaa chini:
"Chupa si taka za kuchomwa. Narita, chumba namba nane."
Sikukibandua. Nawe usikibandue.

Na maji. Hapa soma mara mbili.
Januari, kabla ya kulala, funga koki iliyo nyuma ya choo,
fungulia kila bomba, yaache yatapike hadi yakauke.
Usiku ule kaka yangu alipiga simu kuhusu baba
(tumepishana saa tano; kwao chakula cha jioni kilikuwa bado jikoni)
na mimi koki sikuikumbuka.
Alfajiri bomba limepasuka, sakafu imekuwa kioo.
Nauli ya kwenda kuzika: yeni laki mbili na elfu kumi.
Fundi bomba: elfu arobaini.
Sitakuambia nililipa ipi.
Narita alikuja na mashine ya kukaushia nywele,
akapiga magoti kwenye barafu ile saa nzima,
akilipulizia bomba hewa ya moto, hasemi neno,
kisha akanyoosha kidole, tena na tena:
koki. Koki.

Nimekuachia mafuta ya taa nusu dumu,
mchele, na chumvi ya kwetu iliyotwangwa na kitunguu saumu.
Usiionje kwa kijiko.

Nilisahau: tundu lile karibu na dirisha
lilikuwepo kabla yangu. Nimelipiga picha yenye tarehe.
Lipige na wewe, leo hii, kabla hujatundika chochote,
maana siku ya kuondoka utaulizwa wewe
nani alilitoboa,
na amana hairudi kwa machozi.